Dawa Iliyopo, Ugonjwa Adimu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara, Arusha na Moshi

Majibu haya ni ya familia, wauguzi, waganga na wafamasia. Dozi zimetajwa ili mgonjwa aelewe anachoandikiwa na mhudumu aweze kuhakiki hesabu yake. Hakuna dozi hapa ya kujianzishia nyumbani.

Kuipa dawa kazi mpya maana yake nini?

Ni kuchukua dawa ambayo tayari inajulikana, mara nyingi iko kwenye rafu ya famasi, na kuitumia kwa ugonjwa ambao haikutengenezewa. Sildenafil ilianza kutafutwa kwa ajili ya maumivu ya kifua yanayotokana na moyo. Mwaka 1998 ikaingia sokoni kwa upungufu wa nguvu za kiume, na 2005 ikaidhinishwa Marekani kutibu presha ya mishipa ya mapafu. Nitisinone ilitoka kwenye utafiti wa dawa za kuua magugu shambani. Leo inaokoa watoto wenye tairosinemia, ugonjwa wa kurithi unaoharibu ini.

Faida kubwa ni kwamba madhara ya dawa yameshajulikana. Lakini yanajulikana kwa dozi ile ya zamani, kwa wagonjwa wale wa zamani. Mtoto wa miezi miwili anayepewa dawa ya presha si mzee wa miaka sitini. Hapo ndipo makosa mengi yanapoanzia.

Ugonjwa adimu ni upi hasa?

Ulaya wanahesabu ugonjwa unaompata mtu 1 au pungufu kati ya watu 2,000. Marekani wanahesabu ule wenye wagonjwa chini ya 200,000 nchini kwao. Kwa vipimo hivyo selimundu imo kwenye orodha yao ya magonjwa adimu, ilhali Tanzania ni miongoni mwa nchi ambako watoto wengi zaidi duniani huzaliwa nayo. Kwa hiyo neno "adimu" linategemea umesimama wapi, na wakati mwingine dawa iliyoidhinishwa kwa uadimu wa wengine inatufaa sisi kwa wingi.

Kwa nini isitafutwe dawa mpya kabisa?

Inatafutwa, ila magonjwa adimu ni maelfu na mengi hayana dawa hata moja iliyoidhinishwa. Dawa mpya huchukua miaka kumi na zaidi. Marekani ilitunga sheria mwaka 1983 kuwavutia watengenezaji kwenye magonjwa yenye wagonjwa wachache, na imesaidia. Hata hivyo, kidonge ambacho hataza yake imeisha hakina mwenye kukipigania: hakuna kampuni itakayolipia majaribio ya dawa ambayo kila kiwanda kinaweza kuitengeneza. Ndiyo maana dawa nyingi za namna hii zinabaki kuwa ujuzi wa madaktari wachache, na mgonjwa wa Karatu au Rombo hazimfikii.

Mtoto ana uvimbe mwekundu usoni unaokua. Tumeambiwa apewe propranolol. Si dawa ya presha hiyo?

Ndiyo, ni ile ile. Uvimbe huo unaitwa hemanjioma: huonekana wiki za mwanzo baada ya kuzaliwa, hukua kwa kasi kwa miezi kadhaa, kisha huanza kunywea wenyewe. Nyingi hazihitaji dawa yoyote. Zinazohitaji ni zile zilizo karibu na jicho, kwenye pua, mdomo au njia ya hewa, zile kubwa za usoni, na zile zilizochanika zikawa vidonda.

Mwaka 2008 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, akiwemo Christine Léauté-Labrèze, waliandika walichokiona: mtoto aliyepewa propranolol kwa ajili ya moyo, hemanjioma yake ilianza kubadilika rangi na kulainika. Mwaka 2014 Marekani ikaidhinisha propranolol ya maji kwa kazi hiyo.

Kabla ya kuanza, mtoto apimwe uzito upya (wa kwenye kadi ya mwezi uliopita hautoshi), mapigo ya moyo na presha, na mzazi aulizwe kama mtoto amewahi kubanwa kifua. Mwenye pumu au mapigo ya chini hafai kupewa. Aliye chini ya wiki 5 kwa kawaida haanzishwi. Ikilazimu, iwe amelazwa. Dozi huanza mg 1 kwa kila kilo kwa siku, ikigawanywa mara mbili, na hupandishwa taratibu hadi mg 2 au 3 kwa kilo. Baada ya dozi ya kwanza, na kila inapopandishwa, mapigo na presha vifuatiliwe kwa saa 2. Kati ya dozi na dozi zipite angalau saa 9.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo watoto wanapoumia. Mtoto wa kilo 5 anaanza na mg 5 kwa siku, yaani mg 2.5 asubuhi na mg 2.5 jioni. Kidonge cha mg 40 ukikikata robo unapata mg 10, mara nne ya dozi yake. Kukata kwa kisu nyumbani hakufai kabisa. Mfamasia wa hospitali atengeneze dawa ya maji, aandike kwenye chupa ni mg ngapi katika kila mililita, na ampe mzazi bomba dogo la sindano lisilo na sindano.

Kosa la pili ni la chupa kubadilika. Chupa ya kwanza ilikuwa mg 1 kwa mililita, mzazi akazoea "mbili na nusu". Chupa ya pili imetengenezwa mahali pengine, ni mg 5 kwa mililita. Mzazi akivuta mililita 2.5 zile zile, mtoto anapata mg 12.5, mara tano ya alichoandikiwa. Dozi iandikwe kwa miligramu na kwa mililita pamoja, na kila chupa mpya isomwe kabla haijafunguliwa.

La tatu ni sukari kushuka. Mtoto anyonye kwanza, ndipo apewe dawa. Akikataa kunyonya, akitapika au akiharisha, dozi hiyo irukwe. Akiwa wa baridi, anatoka jasho, amelegea au anatetemeka, apewe maziwa kama anaweza kumeza na apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, bila kusubiri asubuhi.

Matibabu huchukua kama miezi sita, wakati mwingine zaidi. Usiache kwa sababu rangi imefifia wiki ya tatu. Hemanjioma iliyoachwa mapema hurudi kukua.

Hydroxyurea ni dawa ya saratani. Kwa nini mtoto wa selimundu apewe?

Kwa sababu inaamsha hemoglobini ya utotoni, ile ambayo mtoto alikuwa nayo tumboni, na hiyo huzuia chembe nyekundu kujikunja kama mundu. Marekani iliidhinisha kwa watu wazima wenye selimundu mwaka 1998. Hofu ya Waafrika wengi ilikuwa malaria na maambukizi: je, dawa inayopunguza chembe za damu haitamuua mtoto wetu? Utafiti wa REACH, uliochapishwa 2019, ulifuatilia watoto zaidi ya 600 wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda. Maumivu yalipungua, kuongezewa damu kukapungua, vifo vikapungua, na malaria nayo ikapungua.

Dozi huanzia mg 15 hadi 20 kwa kilo kwa siku, mara moja. Kapsuli ya kawaida ni mg 500. Mtoto wa kilo 12 anahitaji karibu mg 240, kwa hiyo baadhi ya kliniki humpa kapsuli moja siku moja, siku inayofuata asipewe, ambayo wastani wake ni mg 250. Inafaa, ila iandikwe kwenye kalenda ya ukutani. Bila kalenda, familia nyingi huchanganya siku.

Kipimo cha picha nzima ya damu, FBP, kifanyike kabla ya kuanza, kisha kila wiki 4 mwanzoni. Neutrofili, chembe nyeupe zinazopambana na maambukizi, zikishuka chini ya 1,000 kwa maikrolita, au chembe sahani, zile za kugandisha damu, chini ya 80,000, dawa husimamishwa hadi damu irudi, kisha huanzishwa tena. Tazama pia MCV, yaani ukubwa wa chembe nyekundu, kwenye jibu hilo hilo la FBP: kwa mtoto anayemeza dawa vizuri, hupanda mwezi hadi mwezi. Isipopanda, uliza kwa upole kuhusu umezaji kabla ya kuongeza dozi.

Hii si dawa ya maumivu. Familia inayompa mtoto siku za kuumwa tu haitaona faida, maana faida huja baada ya miezi. Kapsuli isifunguliwe kwenye meza ya chakula, na mama mjamzito asishike unga wake.

Huku kwetu kuna malale. Kuna dawa mpya?

Ipo, na inawahusu sana waongoza watalii, askari wa wanyamapori na wafugaji wanaoishi kandokando ya hifadhi. Malale ya upande wetu husababishwa na kimelea aina ya rhodesiense, anayeletwa na ndorobo, na huenda kasi: wiki hadi miezi michache, si miaka. Mwaka 2001 watalii kadhaa waliotembelea Serengeti na Tarangire waliugua. Wagonjwa ni wachache, na uchache huo ndio hatari, kwa sababu hakuna anayeufikiria.

Kwa miongo mingi, mgonjwa ambaye kimelea kilishafika kwenye ubongo alitibiwa kwa melarsoprol, dawa yenye aseniki ambayo yenyewe iliua takriban mgonjwa 1 kati ya 20. Fexinidazole ilitengenezwa na Hoechst ya Ujerumani, ikaachwa miaka ya 1980. DNDi, shirika linalotafuta dawa za magonjwa yaliyosahaulika, lilipopekua dawa zilizotelekezwa, likaifufua mwaka 2005. Baada ya majaribio Malawi na Uganda, Desemba 2023 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilitoa maoni ya kuikubali kwa rhodesiense, kwa wenye umri wa miaka 6 na zaidi na uzito wa kilo 20 na zaidi.

Ni vidonge vya siku 10. Mwenye kilo 35 na zaidi humeza mg 1,800 kwa siku 4, kisha mg 1,200 kwa siku 6. Chakula ni sehemu ya dozi: ikimezwa tumbo tupu, hainyonywi vya kutosha. Ugali uliwe kwanza, kidonge kifuate, mhudumu akiangalia. Hospitali huipata bure kupitia Shirika la Afya Duniani, si famasi ya mtaani.

Mwenye homa isiyoisha, kipimo cha haraka cha malaria kikiwa hasi, na aliyekuwa porini, aombewe damu iangaliwe kwa hadubini. Taja neno "ndorobo" kwa mhudumu. Na usichanganye na eflornithine, dawa ya saratani iliyogeuzwa kuwa ya malale: ilisaidia malale ya Afrika Magharibi na Kati, kwa rhodesiense haifai.

Dada yetu ametibiwa TB bila makohozi kuonyesha vimelea, na mapafu yamevuja hewa mara mbili. Inawezekana si TB?

Inawezekana. Kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, anayeishiwa pumzi kidogo kidogo na ambaye hewa imevujia kifuani zaidi ya mara moja, ugonjwa adimu wa mapafu uitwao LAM (lymphangioleiomyomatosis) ufikiriwe. Picha ya CT ya kifua huonyesha matundu mengi ya duara yenye kuta nyembamba. Eksirei ya kawaida inaweza isionyeshe.

Dawa yake ni sirolimus. Chanzo chake ni bakteria wa udongo wa kisiwa cha Rapa Nui, na mwaka 1999 iliidhinishwa kuzuia mwili kukataa figo iliyopandikizwa. Utafiti wa wanawake 89 ulionyesha kwamba inazuia pumzi kuporomoka. Ilipoachwa, pumzi ikaanza kushuka tena. Marekani iliidhinisha kwa LAM mwaka 2015. Kwa hiyo inashikilia ugonjwa usiendelee, haiuondoi.

Kwa kawaida huanza na mg 2 kwa siku, kisha kiwango chake hupimwa kwenye damu kabla ya dozi inayofuata, kilenge kati ya nanogramu 5 na 15 kwa mililita. Tafuta maabara itakayopima kabla hujanunua dawa. Na hili ni la kwetu hasa: rifampisini ya TB huishusha sirolimus hadi iwe kama haikumezwa, ilhali fluconazole, clarithromycin na ritonavir huipandisha hadi iwe sumu. Mgonjwa akienda kliniki nyingine kwa fangasi za mdomoni, abebe orodha ya dawa zake zote. Kabla ya upasuaji daktari huisimamisha, maana huchelewesha vidonda kupona.

Kidonge cha pumu kinawezaje kutibu udhaifu wa misuli?

Kuna watu wanaozaliwa na hitilafu kwenye makutano ya neva na msuli. Aina mojawapo inatokana na jeni la DOK7: kope zimelala, mapaja na mabega ni dhaifu, mtoto aliyekuwa anatembea anaanza kuanguka. Wengi huanzishiwa pyridostigmine, dawa sahihi ya myasthenia ya kawaida (udhaifu wa misuli usio wa kurithi, unaotokana na kinga ya mwili), na kwa DOK7 huzidi kudhoofika. Wanaosaidiwa husaidiwa na salbutamol ya kumeza au ephedrine.

Nafuu haiji siku ile ile. Ni wiki hadi miezi, kwa hiyo dawa isihukumiwe baada ya siku kumi. Jeni lipimwe kwanza kama njia ipo, kwani aina nyingine za udhaifu huu zina dawa tofauti. Mgonjwa aliyezidiwa baada ya kuanza pyridostigmine ametoa dalili muhimu. Iandikwe kwenye faili kwa maneno makubwa.

Nimesoma kwamba dawa fulani imeua ugonjwa maabara. Kwa nini daktari anakataa?

Uliza swali moja: kiwango kilichofanya kazi kwenye chupa kinafikika kwenye damu ya mtu? Ivermectin ilizuia kirusi cha korona maabara mwaka 2020 kwa kiwango ambacho ni makumi ya mara ya kile kinachopatikana kwa dozi ya kawaida. Kukifikia ungelazimika kumpa mtu sumu.

Hata wazo zuri lenye kiwango sahihi linaweza kuumiza. Minocycline, antibayotiki ya kawaida, ilionekana ya matumaini kwa panya wenye ALS, ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli. Kwa binadamu, utafiti wa 2007 ulionyesha waliopewa walidhoofika haraka kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Mwaka uliofuata utafiti mdogo wa Italia ukadai lithium inachelewesha ALS. Wagonjwa wengi wakakimbilia, majaribio makubwa yakaja kuonyesha haisaidii. Orodha za kompyuta zinazolinganisha dawa na magonjwa zina manufaa makubwa, ila zinapanga foleni tu ya nini kijaribiwe kwanza.

Daktari anaruhusiwa kuandika dawa kwa matumizi ambayo hayakusajiliwa?

TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba Tanzania, husajili dawa pamoja na matumizi yaliyoombewa. Daktari anaweza kuiandika kwa sababu nyingine ya kitabibu, lakini mzigo wa kujieleza ni wake: aandike kwenye faili utambuzi, ushahidi alioutegemea, dozi, vipimo vya ufuatiliaji na lini ataacha ikishindikana, na apate ridhaa ya mgonjwa kwa lugha anayoielewa. Kwenye hospitali ya rufaa, kamati ya dawa na tiba ishirikishwe. Mkiwa na bima, ulizeni kabla ya kuanza kama ugonjwa huo utakubaliwa kwa dawa hiyo, maana dai likikataliwa mwezi wa pili matibabu hukatika katikati.

Mkitaka kujibu swali la kisayansi kwa wagonjwa kadhaa, huo ni utafiti. Unahitaji kibali cha maadili cha taasisi na cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), na kibali cha TMDA cha majaribio ya dawa. Wagonjwa wasianzishwe kabla vibali havijatoka.

Tuna mgonjwa mmoja tu. Tutajuaje kama dawa inamsaidia?

Kwa ugonjwa wa kudumu usiobadilika haraka, na dawa inayofanya kazi upesi na kutoka mwilini upesi, mgonjwa mmoja anatosha. Chagueni kipimo kimoja kabla ya kuanza: sekunde za kuinuka kitini mara tano, mita za kutembea dakika 6, idadi ya degedege kwa wiki. Pimeni wiki mbili bila dawa. Anzeni dawa, pimeni kwa muda sawa, simamisheni, kisha rudieni mzunguko. Kati ya vipindi, subirini mara tano ya muda ambao mwili unahitaji kupunguza dawa hadi nusu. Mfamasia akiweza kutengeneza kidonge kinachofanana kisicho na dawa, mgonjwa na mpimaji wasijue kipi ni kipi.

Mexiletine, dawa ya mapigo ya moyo, ilipimwa hivi Uholanzi kwa ugonjwa wa misuli kukakamaa. Wagonjwa hawakuzidi 30, na jibu lililochapishwa 2018 lilikubaliana na utafiti wa kawaida wa watu 59 uliotoka 2012.

Kosa linaloharibu kila kitu ni kubadilisha mambo mawili kwa pamoja: dawa mpya na mazoezi mapya wiki moja. Mgonjwa anapata nafuu, na hakuna ajuaye ni ya nini. Na mbinu hii isitumike pale ambapo kusimamisha dawa kunaweza kumdhuru mgonjwa.

Dawa haipo nchini. Tuagize kwa ndugu aliye nje?

Msipitishe kwenye begi. Daktari na mfamasia wa hospitali waombe TMDA kibali cha kuingiza dawa isiyosajiliwa kwa mgonjwa anayetajwa, wakiambatanisha barua ya utambuzi, cheti cha dawa, kiasi cha miezi inayohitajika na maelezo ya mtengenezaji. TMDA ina ofisi ya Kanda ya Kaskazini Arusha. Ombeni kiasi kijacho mkiwa bado na akiba ya miezi miwili, kwa sababu usafirishaji huchelewa kuliko kibali.

Dawa ya zamani si itakuwa rahisi bei?

Si lazima. Asidi ya chenodeoxycholic, dawa ya miaka mingi ya mawe ya nyongo, ilikuwa ikitibu ugonjwa adimu wa kurithi wa mafuta mwilini. Kampuni moja ilipopata haki ya kuiuza peke yake kwa ugonjwa huo Ulaya, bei ilipaa mara mamia. Mwaka 2021 mamlaka ya ushindani ya Uholanzi iliitoza faini ya karibu euro milioni 20. Kabla ya kukata tamaa juu ya bei, mwombe mfamasia atafute jina la kikemikali. Wakati mwingine dawa hiyo hiyo ipo kwa jina lingine, kwa ugonjwa mwingine, kwa sehemu ndogo ya gharama.

Na ujauzito?

Thalidomide iliuzwa Ujerumani kuanzia 1957 na kuondolewa 1961 baada ya maelfu ya watoto kuzaliwa na viungo pungufu. Mwaka 1964 Jacob Sheskin, daktari wa Jerusalem, aligundua kuwa inatuliza mlipuko wa vinundu vyenye maumivu kwa wagonjwa wa ukoma, na 1998 Marekani iliidhinisha kwa kazi hiyo. Dawa moja, sura mbili. Mwanamke anayeweza kupata mimba hapewi bila kipimo cha mimba na uzazi wa mpango wa uhakika. Mwanaume anayeitumia atumie kondomu, kwani dawa huingia kwenye shahawa. Vidonge vikibaki, vinarudishwa hospitali. Havigawiwi jirani mwenye vinundu kama hivyo.

Mgonjwa amepata madhara. Tumwambie nani?

Kwanza daktari aliyeandika, siku hiyo hiyo. Kisha mhudumu ajaze fomu ya njano ya TMDA: jina la dawa, namba ya toleo iliyo kwenye boksi, dozi, tarehe ya kuanza, tarehe ya dalili, dawa nyingine alizokuwa akimeza, na sababu ya kupewa. Kwenye nafasi ya sababu andikeni ugonjwa wenyewe adimu, hata kama si matumizi yaliyosajiliwa. Mkiandika "presha" kwa mtoto wa hemanjioma, taarifa hiyo haitamsaidia mtoto wa pili. Boksi na vidonge vilivyobaki vitunzwe hadi uchunguzi uishe.